MALARIA YA UBONGO: PICHA ZA SUMAKU ZIMETUFUNDISHA NINI?

Ni wazazi wachache wa sehemu zetu wasiolijua jina la malaria ya ubongo. Mtoto aliyekuwa akicheza uani jana, leo mchana ana homa. Usiku anashikwa na degedege. Alfajiri akiitwa haitiki. Wako watoto wanaozinduka baada ya siku moja au mbili na kudai uji. Wako pia wasiozinduka kabisa.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakijiuliza swali lile lile wanalojiuliza wazazi kwenye mabenchi ya wodi: kwa nini huyu amepona, na yule aliyelazwa kitanda cha pili, akapewa dawa ile ile, amefariki? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana nchini Malawi, katika mji wa Blantyre, kwa msaada wa mashine iitwayo MRI. Hiyo ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio. Mwezi huu tutaeleza mashine hiyo hufanyaje kazi, iliona nini katika ubongo wa watoto wagonjwa, na jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaoishi na mbu kila siku.

Malaria inafikaje kwenye ubongo?

Vijidudu vya malaria viko vya aina kadhaa. Aina inayoua zaidi katika Afrika huitwa Plasmodium falciparum. Mbu akishamwuma mtu, vijidudu hivi hupitia kwanza kwenye ini, kisha huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzaliana humo. Chembe yenye vijidudu vilivyokomaa hubadilika na kuwa na ulimbo. Hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, hasa ile myembamba kabisa iliyomo katika ubongo. Damu ikapita kwa shida, kama maji ya mfereji wa shamba ulioziba kwa majani.

Ubongo haustahimili kukosa chakula na hewa safi ya damu. Mtoto huanza kuchanganyikiwa, hupata degedege, kisha hupoteza fahamu. Ili kujua amezama kiasi gani, madaktari wengi hutumia kipimo kilichotengenezwa Blantyre na kuchapishwa mwaka 1989. Hutazama mambo matatu: macho ya mtoto yanafuata kitu au uso wa mama, analiaje, na anafanya nini akifinywa. Mtoto mzima hupata alama 5. Aliyezama kabisa hupata 0. Mwenye alama 2 au pungufu huhesabiwa kuwa amepoteza fahamu. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kukifanya kwa taa ya kandili.

Fuvu ni ukuta

Ugumu wa kuuchunguza ubongo ni kwamba Mungu ameufungia ndani ya mfupa. Tumbo twaweza kulipapasa na kifua twaweza kukisikiliza, lakini ubongo haupapaswi. Kwa hiyo, kwa muda mrefu njia pekee ya kuona malaria imefanya nini ndani ya kichwa ilikuwa kuchunguza maiti, kwa ridhaa ya wazazi waliofiwa.

Wazazi wa Blantyre waliokubali jambo hilo zito walitusaidia sisi sote. Mwaka 2004 watafiti wa huko walitoa taarifa ya watoto 31 ambao walipokuwa hai walionekana wana dalili zote za malaria ya ubongo. Walipochunguzwa baada ya kufariki, watoto 7 kati yao walikutwa wameuawa na sababu nyingine kabisa. Walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, lakini si malaria iliyowaua. Dalili iliyosaidia kuwatenganisha walipokuwa hai ilikuwa ndani ya jicho. Daktari akichungulia sehemu ya nyuma ya jicho kwa chombo chenye mwanga, mtoto mwenye malaria ya ubongo ya kweli mara nyingi huonekana na mabaka meupe, vidonda vidogo vya damu, na mishipa iliyopauka rangi. Jicho ni dirisha la ubongo, na chombo hicho ni cha bei nafuu kuliko mashine yoyote ya picha.

Hata hivyo, maiti hueleza mwisho wa safari, haielezi njia iliyopitiwa. Ili kujua kwa nini mmoja anafariki na mwingine anapona, ilibidi kuuona ubongo wa mtoto angali hai, leo, kesho na keshokutwa, bila kumpasua wala kumdhuru. Hapo ndipo MRI ilipohitajika.

Sumaku inapigaje picha?

Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, na ubongo una maji mengi zaidi ya mfupa. Ndani ya kila chembe ya maji mna haidrojeni, na kiini cha haidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo sana. Katika maisha ya kawaida sumaku hizi ndogo zimeelekea huku na huko bila mpango.

Tuchukue mfano wa wanakwaya kabla ya mazoezi. Kila mmoja ameangalia upande wake na kuzungumza na jirani. Mwalimu akiingia, wengi hugeuka kumwelekea. Akipiga noti, wale wa sauti hiyo huitikia. Kwa kusikiliza tu, mwalimu mwenye sikio zuri hujua sauti ya kwanza wako wapi, besi wako wapi, na nani hayupo. Mashine ya MRI hufanya hivyo. Sumaku yake kubwa huzielekeza zile sumaku ndogo za mwilini. Kisha mashine hupiga mawimbi ya redio, nazo huyumba. Mawimbi yakikatizwa, hurudi mahali pake huku zikitoa mwitikio hafifu sana. Mwitikio wa maji yaliyo huru si sawa na ule wa mafuta, wala wa ubongo mzima si sawa na wa ubongo uliovimba. Kompyuta hukusanya miitikio hiyo na kuchora picha, kipande baada ya kipande, kana kwamba mtu amekata mkate na kutazama kila slesi.

Wazo la kutengeneza picha kwa njia hii lilichapishwa mwaka 1973 na Mmarekani Paul Lauterbur. Mwingereza Peter Mansfield alitafuta namna ya kuifanya kazi hiyo kwa haraka. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Wasomaji wengi huchanganya MRI na eksirei. Eksirei, pamoja na mashine ya CT-scan, hutumia mionzi inayopenya mwilini, na huonyesha vizuri mifupa na damu iliyovuja. MRI haitumii mionzi hiyo. Kwa hiyo mtoto anaweza kupigwa picha leo na kurudiwa kesho ili kuona mabadiliko. Tena huonyesha vitu laini kwa uwazi mkubwa: ubongo, uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu inapotoka katikati ya pingili.

Mashine yafika Blantyre

Mwaka 2008 mashine ya kwanza ya MRI nchini Malawi ilifungwa katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Ilikuwa msaada wa kampuni iitengenezayo, ikaja kupitia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan cha Marekani. Daktari wa chuo hicho, Terrie Taylor, amekuwa akifanya kazi katika wodi ya watoto ya Blantyre tangu miaka ya 1980, kila mwaka msimu wa mvua, wakati malaria inapozidi.

Mashine hiyo haikuwa ya nguvu kubwa. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla. Mashine nyingi za hospitali kubwa duniani zina tesla 1.5 au 3. Ile ya Blantyre ilikuwa na tesla 0.35. Ilitosha kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 watoto walioletwa wakiwa hawana fahamu walipigwa picha za ubongo mara walipolazwa, na wengine wakarudiwa siku zilizofuata. Matokeo yalitangazwa mwezi Machi 2015 katika jarida la kitaalamu la New England Journal of Medicine. Watoto waliohesabiwa walikuwa 168, wote wakiwa wamethibitishwa kwa dalili za jichoni kwamba kweli ni malaria ya ubongo. Kati yao 25 walifariki. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Kati ya wale 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39 tu.

Tuzitazame hesabu hizo kwa upande mwingine. Watoto ambao ubongo wao haukuvimba vibaya walikuwa 108, na kati yao walifariki 4. Waliovimba vibaya walikuwa 60, na kati yao walifariki 21. Sasa jibu likaonekana. Tofauti kubwa kati ya kitanda cha kwanza na kitanda cha pili ilikuwa uvimbe wa ubongo.

Kwa nini uvimbe unaua?

Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Ubongo hauna pa kutanukia. Jaza maharage makavu ndani ya chupa, mimina maji, funga kizibo. Baada ya muda maharage yatabanana hata yashindwe kutoka. Ndivyo ubongo unavyobanana ndani ya fuvu. Katika picha za watoto walioumwa sana, mikunjo ya ubongo ilikuwa imebapa na nafasi za maji zimefutika.

Mgandamizo huo hutafuta njia ya kutokea, na tundu kubwa la fuvu liko chini, linapopitia shina la ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo. Katika shina hilo ndimo mna amri ya kupumua. Likibanwa, pumzi ya mtoto huwa ya kusitasita, kisha hukatika, wakati moyo bado unapiga. Ndiyo maana wazazi wengi husimulia kwamba mtoto alionekana ametulia, homa imeshuka, halafu ghafla akaacha kupumua.

Picha hizo zilionyesha pia jambo la matumaini. Watoto 39 walivimba ubongo vibaya na bado wakapona. Waliporudiwa picha, ubongo wao ulikuwa ukipungua uvimbe. Kwa hiyo uvimbe wa malaria unaweza kushuka. Kazi ya hospitali ni kumvusha mtoto katika siku hizo chache ngumu, pumzi yake isikatike kabla uvimbe haujashuka.

Je, hakuna dawa ya kuondoa uvimbe?

Swali hili ni la haki, na limejaribiwa kujibiwa mapema. Nchini Thailand dawa ya deksamethasoni, inayopunguza uvimbe katika magonjwa mengine, ilipimwa kwa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo. Matokeo ya mwaka 1982 yalionyesha kwamba haikuokoa maisha, tena ilichelewesha wagonjwa kuzinduka na kuwaletea matatizo mengine. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 156 walihusishwa katika jaribio la dawa ya manitoli inayovuta maji kutoka kwenye ubongo. Matokeo ya mwaka 2007 hayakuonyesha faida ya maana. Watafiti wa Blantyre nao, baada ya kuona picha zao, walianzisha jaribio la mashine ya kupumulia na la maji ya chumvi nzito ya mshipani.

Tiba iliyothibitika ni kuua vijidudu haraka kwa sindano ya artesunate. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliopewa kwinini walifariki 109 katika kila 1,000. Waliopewa artesunate walifariki 85 katika kila 1,000. Pamoja na sindano hiyo, mtoto huongezewa sukari ikipungua, hutulizwa degedege, huongezewa damu inapobidi, na hutazamwa pumzi yake usiku na mchana.

Baada ya kupona

Tusidhani kwamba mtoto akizinduka mambo yamekwisha. Utafiti mwingine wa Blantyre, uliotolewa mwaka 2010, uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Kati ya watoto 132, watoto 12 walipata kifafa baadaye. Katika kundi la kulinganisha la watoto 264 ambao hawakuugua malaria ya ubongo, hakuna hata mmoja aliyepata kifafa. Wengine walibaki na udhaifu wa viungo, wa kusema, wa kuona au wa kusikia.

Kwa hiyo mzazi amtazame mtoto wake kwa miezi na miaka. Akianza kuanguka, kukodoa macho bila kuitika, au akirudi nyuma katika masomo, asipigwe kwa uvivu wala asifichwe ndani kwa aibu. Apelekwe kliniki. Kifafa kina dawa, na si ugonjwa wa kuambukizana. Povu la mdomoni halimwambukizi anayemsaidia.

Neno kwa wazazi kuhusu degedege

Katika vijiji vyetu wako bado wanaoamini kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku au na pepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hivyo huanza kumfukizia moshi na kumpaka dawa, na hospitali hufika siku ya pili. Imani hiyo ina chanzo chake: watu wameona watoto wakifariki baada ya sindano. Lakini picha za Blantyre zinatueleza kilichokuwa kikitokea. Mtoto aliyecheleweshwa hufika ubongo ukiwa umekwisha vimba. Akifariki saa moja baada ya sindano, ni uvimbe uliomuua, na sindano ilikuwa imechelewa.

Basi tunawaomba wazazi, mabibi na mababu wayashike haya:

1. Homa kwa mtoto mdogo ipimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa muda wa robo saa hivi. Msisubiri degedege.

2. Dalili hizi ni za hatari na zinataka safari ya hospitali mara moja: degedege, kulegea au kulala usingizi usio wa kawaida, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, na mkojo kuwa mweusi kama kahawa.

3. Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni ubavu mahali salama. Legezeni nguo. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimpake wala kumnywesha mafuta ya taa. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote, kwani kitaingia kwenye mapafu.

4. Kama zahanati yenu iko mbali na hospitali, mwulizeni mganga wa zahanati au mhudumu wa afya kuhusu artesunate inayowekwa njia ya haja kubwa. Ni dawa ya kumpa nguvu ya safari mtoto aliye chini ya miaka 6. Haichukui nafasi ya hospitali.

5. Njiani, mtoto alale ubavu, shingo isikunjwe, na mtu mmoja kazi yake iwe kutazama kifua kinavyopanda na kushuka. Akifika, mwelezeni muuguzi saa homa ilipoanza, degedege mara ngapi, na dawa zote alizopewa, hata za kienyeji. Msione haya.

6. Daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, msikilizeni anavyoeleza. Homa ya uti wa mgongo hufanana sana na malaria ya ubongo, na dawa zake ni tofauti. Kumbukeni wale watoto 7 wa Blantyre.

7. Mkiwa wodini, mkiona pumzi inasita au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mwiteni muuguzi saa ile ile. Sasa mnajua kwa nini.

Je, mtoto wangu apigwe MRI?

Baadhi ya wazazi, wakishasikia habari za mashine hizi, huuza mbuzi ili mtoto mwenye homa akapigwe picha ya kichwa mjini. Tunasema wazi: malaria haipimwi kwa MRI. Hupimwa kwa tone la damu. Mashine ya Blantyre ilikuwa ya kutafuta elimu, na elimu hiyo sasa inamfaa hata mtoto wa kijijini asiyeona mashine hiyo maisha yake yote.

Wako hata hivyo wagonjwa ambao daktari atawaandikia MRI kwa sababu nzuri: kifafa kisichotulia kwa dawa, kuumwa kichwa kunakozidi pamoja na kutapika au kupungua kuona, miguu kufa ganzi au kupooza, uvimbe wa ubongo, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni na kuleta udhaifu. Ukiandikiwa, muulize daktari: unatafuta nini, na jibu likipatikana tiba itabadilika? Uliza gharama kabla ya safari, na kama bima yako inalipia.

Siku ya kipimo utalala kitandani na kuingizwa katika tundu kama la pipa. Haiumi. Kelele ni nyingi, kama mtu anayegonga bati, kwa hiyo utazibwa masikio. Unatakiwa utulie kabisa kwa muda wa nusu saa au zaidi. Watoto wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi.

Hatari kubwa iko kwenye chuma. Sumaku ile haizimwi kama taa. Huvuta hata kama hakuna anayepigwa picha. Mwaka 2001, katika hospitali moja nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuvutwa kwa nguvu ndani ya mashine alimokuwa amelala. Kwa hiyo acheni nje saa, funguo, simu, sarafu, vibanio vya nywele, mikufu, medali na rozari zenye chuma. Mwelezeni mhudumu kama mgonjwa ana mashine ya moyo, kipande cha chuma mwilini, risasi, au aliwahi kuingiwa na chembe za chuma machoni kwa kazi ya kuchomelea. Mama mjamzito naye aseme. Wahudumu wakiuliza swali moja mara tatu, msikasirike.

Mashine zenyewe zinaanza kuwa ndogo. Mwaka 2022 madaktari walioko Malawi waliandika juu ya kutumia mashine ya MRI yenye magurudumu, inayosukumwa hadi kando ya kitanda na kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani. Sumaku yake ni hafifu na picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini mtoto mahututi hahitaji kuhamishwa.

Kazi inaanzia nyumbani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Kila mmoja alianza na mbu mmoja. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kila usiku, hata wakati wa joto, na kisitumike kufugia kuku wala kuvulia dagaa. Chanjo nazo zimepatikana. Ya kwanza ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 huko Malawi, Ghana na Kenya, ikapitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021. Ya pili ilipitishwa Oktoba 2023. Ulizeni kliniki yenu ya watoto kama imefika kwenu, na ikiwa imefika, mtoto apate dozi zote bila kuruka.

Tunashauri ukurasa huu usomwe pia katika jumuiya, hasa kwa mabibi, maana mara nyingi wao ndio wanaokuwa na mtoto usiku anapopata homa. Mtoto akifika hospitali kabla ubongo haujavimba, dawa huwa na nafasi ya kufanya kazi yake. Tukutane tena katika toleo lijalo.